Tarehe ya Kitabuni

Dukani kwa Fundi kulikuwa na vyerehani vitatu, meza ndefu ya kukatia, kioo chenye ufa kwenye kona, na kitabu. Cherehani kikiharibika, Fundi alinuna mpaka saa nne na kukitengeneza kabla ya saa sita. Kitabu kisipoonekana hata kwa dakika kumi, duka zima lilisimama, wateja waliokaa wakainuka kuangalia kama wamekikalia, na Mama Vifungo akaapa kwa roho ya marehemu mama yake kwamba hajakigusa. Kilikuwa daftari kubwa la jalada gumu, la ishirini na sita tangu duka lifunguliwe, na ndani yake kila mteja alikuwa na mstari wake: jina, vipimo, aina ya nguo, tarehe.

Tarehe hiyo ilikuwa ya uongo. Duka zima lilijua, na duka zima lilikuwa watu wawili.

Mafundi wengi wa nguo wana ugonjwa wa "njoo kesho", na kesho yao nyote mnaijua. Fundi wetu alikuwa na ugonjwa wake mwingine. Mteja akisema harusi ni tarehe ishirini, Fundi aliitikia "ishirini" kwa sauti ya kujiamini kabisa, huku kalamu ikiandika kumi na tatu. Wiki nzima ilikatwa pale pale, mteja akitazama. Alianza mtindo huo ujanani, baada ya bibi harusi mmoja kwenda kufunga ndoa na gauni lisilo na zipu, akiwa amefungwa mgongoni kwa kamba ya pazia. Tangu siku hiyo hakuna mteja wake aliyeaibika. Umeme ukatike, uzi uishe, mgongo wa Mama Vifungo ugome, bado palikuwa na wiki ya akiba mfukoni.

"Siri yake," alikuwa akimwambia Mama Vifungo, ambaye alishona vifungo na mapindo ya duka lile kwa miaka kumi na tisa, "ni kuisahau tarehe ya kweli. Ukianza kuikumbuka, umekwisha. Utalegea." Kwa hiyo walikuwa wakiisahau. Kitabu kikisema kumi na tatu, ni kumi na tatu, na waliihangaikia kwa jasho la kweli. Mteja akija tarehe kumi na tisa kwa wasiwasi, nguo yake ilikuwa imeshapigwa pasi zamani na inamsubiri. Watu wakasema Fundi ni mtu wa ahadi. Yeye mwenyewe alifikia mahali ambapo mkono ulipunguza siku saba bila kumuuliza, kama vile mkono wa mtu unavyoijua swichi ya taa ya chumbani kwake.

Basi Januari moja, asubuhi, simu ya Fundi ikalia kuashiria ujumbe wa sauti. Ulikuwa wa binti yake, mtoto wake pekee, aliyekuwa na miaka minne sasa huko Japani, akifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mama yake alifariki binti akiwa darasa la pili, na Fundi alimlea chini ya meza ya kukatia, kati ya vipande vya kitambaa.

"Shikamoo Baba," ulisema ujumbe. "Sikiliza vizuri. Huku mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei nchi nzima inaingia likizo, watu wanasafiri wote kwa mkupuo. Treni zinajaa, nyumba za wageni zinajaa. Sisi wa wazee tunapokezana, maana wazee hawaendi likizo. Mimi zamu yangu inaanza tarehe sita Mei, siku saba. Nataka uje, Baba. Nimeshaanza kuandika barua ya mwaliko. Usichelewe kukata tiketi, ukichelewa hupati kitu. Na lile koti lako la kijivu liache huko huko, tafadhali." Hapo mwisho akacheka.

Fundi aliweka mkasi chini. Hakuwahi kupanda ndege. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya siku moja kwa basi, kufuata shehena ya vitambaa, na hata hiyo aliilalamikia miaka mitatu. Lakini kicheko kile kilimpata. Akavuta kitabu, akafungua ukurasa mpya, na kwa kuwa hakujua mahali pengine pa kuandikia jambo la maana, akaandika humo: Safari, Japani, kwa binti. Mdomo wake ukasema "sita Mei." Mkono ukaandika 29 Aprili.

Akafunga kitabu, na kwa desturi yake ya miaka yote, tarehe ya kweli akaisahau.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa kinyozi, mtu aliyejua kila nchi duniani isipokuwa zile alizowahi kufika, kwa sababu hakuwahi kufika yoyote. Habari ya safari ilimfikia kabla Fundi hajamaliza kuisema. Tangu siku hiyo kinyozi akawa mkuu wa msafara bila kuteuliwa. Alivuka asubuhi na wembe mkononi, mteja wake akibaki kitini na nusu ya ndevu, ili kumfundisha Fundi namna ya kuinama.

"Unainamia kiunoni," alisema. "Siyo shingoni. Shingoni unaonekana unatafuta sarafu uliyodondosha."

"Mimi nainama kiunoni tangu nikiwa na miaka kumi na saba. Hii kazi ni nini kama si kuinama?"

"Na treni za kule, Fundi, zinaondoka kwa dakika. Ikichelewa kidogo wanaomba radhi kwenye kipaza sauti."

"Mimi sijawahi kuchelewesha kazi ya mtu," alisema Fundi, na Mama Vifungo akakohoa kule alikokuwa.

Kinyozi ndiye aliyegundua, kwenye simu yake, kwamba tarehe ishirini na tisa Aprili ndipo ile likizo kubwa inapoanza. Alikuja kwa hatua ya mtu mwenye habari mbaya na nzuri kwa wakati mmoja. "Umechagua siku ambayo hata wenyeji wanaiogopa. Watu wamejaa pomoni. Huwezi kusogeza?"

"Sisogezi. Ndiyo siku binti yangu anayopewa likizo," alijibu Fundi, na alikuwa akiapa ukweli kama anavyouona kitabuni.

Tiketi alikwenda kukata kwa dada mmoja mwenye ofisi ghorofa ya pili, mkabala na benki, mwenye kompyuta mbili na mmea wa plastiki aliokuwa akiupangusa vumbi kwa upendo. Fundi hakukiamini kichwa chake kwa tarehe, alikwenda na kitabu kwapani. Akakifungua juu ya meza ya dada wa tiketi, akaweka kidole kwenye mstari. "Nifike ishirini na tisa Aprili. Nirudi sita Mei."

Dada wa tiketi alibofya, akakunja uso, akabofya. Vilikuwa vimebaki viti viwili. "Una bahati, Fundi. Wiki ijayo ungekuta wamejaza." Akamkatia, kisha akamwambia kwamba bado kuna viza, na kwamba kwa viza ya kule wanataka ratiba ya kila siku: siku gani atakuwa wapi, akifanya nini, akilala wapi. Akampa fomu akaijaze nyumbani.

Fundi aliirudisha kesho yake. Dada wa tiketi aliisoma kwa sauti, polepole. "Siku ya kwanza, kumwona binti. Siku ya pili, kumwona binti. Siku ya tatu, kumwona binti." Akapandisha miwani. "Fundi, wanataka kujua utatembelea wapi."

"Nitamtembelea binti yangu."

"Zote saba?"

"Angalia ya sita."

Akaangalia. Siku ya sita ilisema: kumwona binti, na kama atakuwa amechoka kuniona, kwenda kuona mlima. Dada wa tiketi aliiweka fomu chini na kupangusa mmea wake kidogo. Mwisho walipiga simu Japani, binti akataja hekalu, bustani, mnara, soko la vitambaa na mlima ule ule, na ratiba ikapendeza. Barua yake ya mwaliko nayo ikawasili kwa posta, imeandikwa kwa maandishi ya kule kuanzia juu mpaka chini. Dada wa tiketi aliipeleka pamoja na fomu, na Fundi akabaki na nakala kwenye bahasha, akaitia katikati ya kitabu kama cheti cha ndoa.

Ikabaki nyumba ya kulala. Binti aliishi kwenye bweni la wafanyakazi lisiloruhusu wageni, hata baba. Kinyozi na Fundi walikaa siku tatu wakitafuta kwenye simu, kati ya kichwa kimoja na kingine, na kila walipogusa waliambiwa pamejaa. Siku ya nne kikatokea chumba kimoja kwenye nyumba ndogo ya wageni, vituo viwili kutoka kwa binti. Kilielezwa kwamba kina ukubwa wa mikeka minne na nusu.

"Chumba kinapimwa kwa mikeka?" aliuliza Mama Vifungo.

Fundi alichukua chaki yake, akavuta futi, na kwa kuwa kinyozi alishapata vipimo vya mkeka wao mmoja, akakichora chumba chote sakafuni mwa duka, kati ya meza na mlango. Kikatoka mraba wa chini ya mita tatu kila upande. Fundi akaingia ndani ya mistari, akavua viatu, akajilaza chali. Miguu haikutoka nje. Mteja aliyekuja kuchukua suruali alimkuta hapo, akamruka kwa heshima, akamsalimia Mama Vifungo.

"Hicho ni chumba cha kujaribia nguo," Mama Vifungo aliamua.

"Kinatosha," alisema Fundi akiwa sakafuni. "Mtu anayekwenda kumwona mwanawe analala hata amesimama." Mistari ile ya chaki hawakuifuta. Kila aliyeingia aliizunguka, na wengine walipiga hodi kwa utani.

Mpaka hapo mambo yalikwenda kama mkasi mpya. Machi ilipoingia, Fundi akakumbuka kwamba hawezi kwenda kwa mtoto mikono mitupu, na kwamba fundi wa nguo ana zawadi moja tu duniani inayoeleweka. Akanunua kitambaa cha bluu iliyokoza, laini, kisichokunjamana, cha gauni. Akakitandaza. Kisha akafungua madaftari ya zamani kutafuta vipimo vya binti.

Alianza na la mwaka jana akarudi nyuma. Alipofika la kumi na tano Mama Vifungo akamuuliza anatafuta nini, akasema uzi. Alikuta vipimo vya wanawake waliokwisha kuwa bibi, vya mapacha waliohama mji, vya mwalimu mkuu kabla hajanenepa na baada ya kunenepa. Binti yake hakuwemo. Madaftari ishirini na sita, na hakuwemo hata mara moja, kwa sababu wa nyumbani haandikwi. Wa nyumbani hushonewa kazi zikipungua, na kazi hazikuwahi kupungua.

Hapo ndipo likamrudia jambo alilokuwa amelikalia miaka kumi na moja. Binti alipomaliza shule, kulikuwa na mahafali, na wasichana kumi na wanne wa darasa lake walishonesha magauni kwa Fundi. Yote kumi na manne yalikuwa tayari wiki moja kabla. La kumi na tano lilikuwa la mwanawe. Hilo halikuandikwa. Usiku wa kuamkia mahafali lilikuwa bado vipande, na asubuhi alilikusanya kwa bandi, ile mishono mirefu ya muda ambayo mtu huifumua baadaye. Mikono hakuwahi kuishona kabisa, aliibana kwa pini mabegani, akamwambia binti, "Usiinue mikono tu, hakuna atakayejua."

Walipomwita jina, kila msichana aliyetangulia alikuwa ameinua mkono kupungia wazazi. Binti yake alitembea mikono imenyooka ubavuni kama askari, akapokea cheti kwa kiganja, akarudi. Watu wakadhani ana aibu. Fundi alikuwa safu ya tatu na alijua. Hawakuliongea siku ile wala baadaye, na mpaka leo likimjia Fundi huamka akanywe maji hata kama hana kiu. Safari hii, alijiambia mbele ya kile kitambaa cha bluu, atafika kwa wakati hata ikibidi asukume ndege.

Aliomba vipimo kwa simu. Binti akapimwa na mwenzake wa kazini, akavituma, na Fundi akaviandika kwenye kipande cha karatasi. Alilikata gauni siku hiyo hiyo. Halafu wateja, waliosikia kwamba Fundi anasafiri, wakamiminika wote wakitaka nguo zao kabla hajaondoka, na vipande vya bluu vikakunjwa, vikaingia kwenye mfuko chini ya meza, kusubiri kazi zipungue. Msinitazame mimi. Ndivyo alivyofanya.

Ilikuwa tarehe kumi na sita Aprili, asubuhi, siku kumi na mbili kabla ya kupanda ndege. Fundi alikuwa na desturi ya kuusikiliza ule ujumbe wa Januari kila akianza kazi, lakini hakuusikiliza wote. Aliurusha mbele mpaka penye koti la kijivu na kicheko, akasikiliza kicheko, akaweka simu. Siku hiyo mikono yake ilikuwa imeshika suti, akamwambia Mama Vifungo amfungulie. Mama Vifungo hakujua kurusha mbele. Ujumbe ukaanza mwanzo, duka likasikiliza, treni zinajaa, wazee hawaendi likizo, zamu yangu inaanza tarehe sita Mei.

Mama Vifungo akausimamisha. "Amesema sita Mei."

"Amesema nini?"

"Sita Mei, Fundi. Wewe unarudi sita Mei." Akaurudisha nyuma, na binti akasema tena, kwa sauti safi. Mama Vifungo akakitazama kitabu, akamtazama Fundi, akahesabu kwa vidole kutoka sita kurudi nyuma. Vikawa saba kamili. Akakaa kwenye kiti cha wateja. "Umempunguzia," alisema taratibu. "Mwanao mwenyewe umempunguzia wiki."

Fundi alitoka na futi shingoni. Alivuka barabara bila kuangalia, akapanda ngazi za dada wa tiketi mbili mbili. Dada wa tiketi alibofya kompyuta ya kwanza, akabofya ya pili, na safari hii hakupangusa kitu. Ndege zilikuwa zimejaa. Kiti cha kwanza kilichokuwa wazi kilikuwa tarehe kumi na nne Mei, siku mbili baada ya likizo ya binti kuisha. Chumba cha mikeka minne na nusu nacho kilikuwa na mtu mwingine kuanzia sita.

Alirudi dukani akitembea kama mzee, na hakuwa mzee. Aliingia ndani ya mistari ya chaki akakaa chini. Kinyozi alisimama mlangoni, wembe mkononi. Fundi aliona haya, na chini ya haya kulikuwa na huzuni kubwa: atasafiri nusu ya dunia akakae chumbani akimsubiri mtoto atoke kazini, na siku mtoto atakapokuwa huru, baba atakuwa kwenye foleni ya uwanja wa ndege. Kwa mara ya pili alikuwa amewatimizia watu wote, akamkosea yule mmoja.

"Mpigie," alisema Mama Vifungo. "Kabla hujaogopa zaidi."

Akapiga. Binti alipokea haraka. "Shikamoo Baba."

"Marahaba, mama. Nimeharibu."

"Umeharibu nini?"

Akamweleza yote, kitabu, mkono, ndege, kumi na nne Mei, akiwa amefumba macho. Upande wa pili ikaja sauti aliyodhani ni kilio, na ilikuwa kicheko, kile kile cha mwisho wa ujumbe, ila kirefu.

"Baba, nakala ya barua yangu ya mwaliko unayo?"

"Iko kitabuni."

"Ifungue. Maneno huyawezi, tafuta namba tu, huku mwezi unatangulia siku."

Fundi akaitoa kwenye bahasha. Mstari wa nne, kati ya maandishi yaliyosimama kama vijumba, palikuwa na 4, na mbele yake 29. Chini yake, 5 na 6. Akazisoma kwa sauti.

"Hizo ndizo," alisema binti. "Likizo yangu inaanza ishirini na tisa Aprili. Ilikuwa ishirini na tisa tangu mwanzo."

"Sasa sita Mei uliitoa wapi?"

"Ningekuambia ishirini na tisa, ungeandika ishirini na mbili. Baba, mimi nimekulia chini ya ile meza. Nimejifunzia kuhesabu kwenye kile kitabu. Niliongeza wiki, wewe ukaitoa, tukafika. Hukuona kwamba kila ukinitajia ishirini na tisa mimi nasema sawa?"

Mama Vifungo, aliyekuwa amesogea mpaka sikio lake likagusa mkono wa Fundi, alipiga paja na kurudi kwenye vifungo vyake, mabega yakimtikisika. Kinyozi alisema yeye alijua tangu mwanzo. Fundi naye akacheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kipande cha suti ya mtu, na kicheko kilipoisha akabaki na simu sikioni. Mtoto wake alikuwa amemzunguka kwa upendo kama mtu anavyolizunguka shimo analolijua njiani.

"Mama," alimwambia binti. "Siku ya mahafali sikukuandika."

"Najua, Baba."

"Niliona hukuinua mkono."

"Pini zilikuwa zinachoma," alisema binti. Alilisema kwa wepesi, kama mtu anayerudisha kitu alichoazimwa. Kisha akauliza, "Na gauni langu la safari hii, umeniandika?"

Fundi aliutazama mfuko chini ya meza. Kwa mteja yeyote mwingine angesema liko tayari, bado pasi tu. "Bado," alisema.

"Basi niandike, Baba. Kama mteja."

Alipokata simu, Fundi alivuta kitabu. Akaandika jina la binti yake lote, na la baba yake, ambalo ni lake mwenyewe, kama anavyoandika la mgeni aliyeingia kwa mara ya kwanza. Akaandika vipimo kutoka kwenye kile kipande cha karatasi, bega, kifua, kiuno, urefu wa mkono. Akaandika gauni, bluu. Alipofika kwenye tarehe alisema "ishirini na tisa Aprili" kwa sauti ya kujiamini, na mkono wake ukaandika ishirini na mbili.

Mama Vifungo akasoma juu ya bega lake. "Hizi ni siku sita, Fundi. Na suti za watu?"

"Za watu zina wiki yao. Huyu ni mteja mgumu, tukimkosea hatarudi."

Walilianza siku hiyo hiyo. Fundi alivaa tondoo kidoleni, sindano isimchome, akashona mabega kwanza, mara mbili, kwa uzi mzito kuliko kawaida, na Mama Vifungo akapiga pindo bila kulalamikia mgongo, jambo ambalo lilimshangaza hata yeye. Tarehe ishirini na mbili, kabla ya adhuhuri, gauni lilikuwa limepigwa pasi na kutundikwa kwenye kioo chenye ufa, na zilibaki siku sita nzima kabla ya ndege. Fundi alilizunguka. Akalizunguka tena. Kisha akalishusha, akampa Mama Vifungo.

"Livae."

"Mimi? Kiuno changu na cha mwanao wapi na wapi?"

"Kiuno kiache wazi. Nataka mabega."

Mama Vifungo akaingia nyuma ya pazia, akatoka na gauni la bluu limefunguka mgongoni juu ya nguo zake, akasimama katikati ya mraba wa chaki.

"Inua mkono," alisema Fundi.

"Upi?"

"Yote miwili. Juu. Kama unampungia mtu aliye mbali."

Akainua. Mikono ya gauni ikapanda pamoja na mikono yake, na hakuna mahali palipovuta.

"Tena," alisema Fundi. Mama Vifungo akamtazama usoni, na hakumtania. Akasimama vizuri, akanyanyua mikono yote miwili juu kabisa na kuipunga, na Fundi, aliyekuwa hatua mbili tu mbele yake, akainua mkono wenye tondoo akampungia.